Kimo kimegoma? Anza na shingo kabla ya kununua tembe za urefu

Unamjua yule kijana ambaye sare aliyonunuliwa akiingia Gredi ya Saba bado inamtosha Gredi ya Tisa? Mamake anafurahia kuokoa doh, marafiki wanamwita Kadogo, naye usiku yuko kwa simu akisaka tembe za kuongeza kimo. Pengine ni wewe. Kabla hujamtumia hela muuzaji usiyemjua, hebu tuongee kuhusu shingo yako.

Mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo, kuna tezi yenye umbo la kipepeo iitwayo thairoidi. Wengi huijua tu inapovimba na kuwa rovu. Homoni ya ukuaji haitoki hapo. Hutengenezwa na pituitari, tezi ndogo kama njegere iliyo chini ya ubongo. Sasa hizi mbili zinajuania wapi?

Thairoidi hutoa hasa T4, homoni yenye atomu nne za ayodini. Ikifika kwenye pituitari, atomu moja hunyofolewa na kubaki T3, ambayo ndiyo yenye makali. T3 hupenya hadi kwenye kiini cha seli, hushika kipokezi chake na kusaidia kuwasha jeni ya homoni ya ukuaji. Kwa panya wa maabara mambo ni wazi kabisa: ondoa thairoidi, homoni ya ukuaji kwenye pituitari inashuka vibaya, warudishie T3, inapanda tena. Mwili wa binadamu una mizunguko mingi zaidi, lakini thairoidi ikilegea, pituitari yetu pia hutoa homoni hiyo kidogo, hata usiku ukiwa usingizini, wakati ambapo kwa kawaida humwagika kwa wingi. Mifupa nayo huihitaji T3 moja kwa moja. Yaani unapigwa mara mbili.

Ndiyo maana daktari wa homoni anayejua kazi yake huanza na thairoidi. Asipofanya hivyo, kipimo kinaweza kuonyesha homoni ya ukuaji imepungua, uanzishiwe sindano za bei ya kukausha akaunti, kumbe ulihitaji tembe moja ya thairoidi kwa siku.

Si kila mfupi ni mgonjwa, jameni. Kama wazazi ni wafupi na wewe unaongeza sentimita zako kila mwaka, tulia. Cha kushtua ni kimo kusimama huku uzito ukiendelea kupanda, tena una uchovu, choo kigumu, ngozi kavu, na unahisi baridi wenzako wakivua jaketi. Hapo omba kipimo cha damu cha TSH na T4, na usikawie. Mifupa ikishafunga mwishoni mwa balehe, dawa itakurudishia nguvu lakini si sentimita.

Matone ya ayodini ya mtandaoni? Achana nayo. Chumvi ya Kenya inatakiwa kuwekwa ayodini tangu 1978, na ikizidi mwilini pia huvuruga tezi. Kwa vijana wengi chanzo ni kinga ya mwili kuishambulia thairoidi yenyewe, na wasichana hupatwa zaidi.

Ukiandikiwa levothairoksini, imeze kwa maji asubuhi kabla ya kula chochote, kisha subiri nusu saa hadi saa moja ndipo unywe chai. Baada ya wiki sita hivi damu itapimwa tena, dozi irekebishwe, na kila ukirudi kliniki utasimama ukutani bila viatu upimwe kimo.