Mwanachuoni Apimwe, Asihesabiwe Tu

Katika mwaka 2009 jarida la Uingereza liitwalo Times Higher Education lilichapisha orodha ya waandishi wa vitabu vya fani na taaluma za jamii waliotajwa mara nyingi zaidi katika majarida ya kitaalamu mwaka 2007. Wa kwanza alikuwa Mfaransa Michel Foucault. Wa saba alikuwa Mjerumani Jürgen Habermas, aliyezaliwa mwaka 1929, mrithi wa wanafalsafa wa Frankfurt walioasisi nadharia ya uhakiki wa jamii. Yeye alihesabiwa mara 1,049.

Hesabu hiyo ni kubwa, lakini bado haijatueleza uzito wa mtu huyo. Jambo hili latuhusu na sisi wa visiwani, kwani hesabu za namna hii hutumika katika nchi nyingi kumpandisha cheo mwalimu wa chuo kikuu, na kumpa fedha za utafiti au kumnyima.

Hesabu hizi hazikuanzishwa kwa kazi hiyo. Mmarekani Eugene Garfield alitoa faharasa yake ya sayansi katika miaka ya 1960, na faharasa ya taaluma za jamii ikafuata mwaka 1973. Shabaha ilikuwa kumsaidia mtafiti aliyeshika andiko moja afuate nyayo zake hadi maandiko mengine yaliyolitaja. Kilichokuwa dira kikageuzwa mizani.

Sasa tumtie Habermas katika mizani hiyo. Mwaka 1962 alitoa kitabu juu ya uwanja wa umma, yaani pale raia wanapokutana kujadili mambo ya nchi, na hoja ikawa na nguvu kuliko cheo cha msemaji. Alieleza jinsi uwanja huo ulivyochipuka katika nyumba za kahawa za London ya karne ya 18, na jinsi ulivyodhoofika baadaye mbele ya biashara na matangazo. Kitabu hicho kilizusha mjadala mkali Ujerumani, na mwaka 1972 Oskar Negt na Alexander Kluge wakakijibu kwa kitabu chao juu ya uwanja wa umma wa wafanyakazi. Lakini tafsiri kamili ya Kiingereza haikutoka hadi mwaka 1989, baada ya miaka 27. Mtu ambaye angekaa mwaka 1975 na kuhesabu katika majarida ya Kiingereza peke yake angekiona kitabu hicho kidogo kuliko kilivyokuwa. Si kwamba hoja ilikuwa dhaifu. Mhesabuji alikuwa hasikii lugha yake.

Tena, hesabu haipambanui baina ya anayekubali na anayepinga. Mwaka 1990 Nancy Fraser wa Marekani alimhoji Habermas kwa makini: wanawake na watu wa tabaka la chini walikuwa wapi katika uwanja huo aliousifu? Baadaye Habermas mwenyewe alikiri kuwa baadhi ya lawama za wahakiki wake zilikuwa na haki. Huo ndio uhai wa elimu. Lakini katika faharasa, uhakiki huo uliomfanya mwandishi afikiri upya ni moja, na kutajwa na mtu ambaye hata kitabu hakukifungua pia ni moja.

Halafu tukumbuke kuwa moja ya kazi zake zilizotikisa nchi yake ilikuwa makala ya gazeti. Mwezi Julai 1986, katika gazeti la Die Zeit, aliwakabili wanahistoria aliowaona wakitaka kuupunguzia ubaya uhalifu wa Wanazi, na Ujerumani Magharibi nzima ikaingia katika mjadala. Makala ya gazeti si kitu ambacho faharasa zile ziliundwa kukitafuta.

Sisi tuliokaa chuoni mbele ya masheikh tunaijua tofauti ya kuhesabu na kupima. Wataalamu wa Hadithi walihesabu njia za mapokezi, lakini hawakuishia hapo. Walimchunguza kila mpokezi: ukweli wake, hifadhi yake, na kama kweli alikutana na aliyedai kumpokea. Na Sheikh Abdalla Saleh Farsy, alipoandika juu ya wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki, alitueleza nani alisoma kwa nani, na nani akasomesha baada yake. Huo nao ni upimaji wa athari.

Hatusemi hesabu itupwe. Hesabu ina faida, kwani humzuia mkubwa kumpandisha mpwawe na kumwacha mwenye kazi. Lakini hesabu ni shahidi, na shahidi huhojiwa kabla ya hukumu. Mwaka 2015 wataalamu wa upimaji walitoa kanuni kumi ziitwazo Ilani ya Leiden, na ya kwanza ni kwamba takwimu ziisaidie hukumu ya wajuzi, zisishike nafasi yake. Kanuni nyingine yataka utafiti wenye manufaa kwa wenyeji ulindwe.

Kwa hiyo twawaomba viongozi wenye dhamana ya elimu, kila wanapoletewa jedwali la hesabu, waulize mambo matatu: nani aliyetaja, alitaja kwa sababu gani, na lugha gani iliachwa nje. Mtafiti anayeandika kwa Kiswahili juu ya maradhi ya mwani, akasomwa na wakulima wa pwani wakabadili kilimo chao, huenda asionekane katika faharasa yoyote ya ng'ambo. Tukimwadhibu kwa hilo, tutawafundisha wasomi wetu kuupa mgongo umma. Hapo tutakuwa tumeufunga, kwa mikono yetu wenyewe, uwanja ule ule ambao Habermas alitumia umri wake kuutetea.