Malaria ilipopanda milima ya Muleba

Ukitoka Miembeni, mjini Bukoba, ukaishika barabara ya Muleba, ukishaipita Kemondo unaanza kupanda na hewa inabadilika. Nyanda hizo za juu, ambako nyumba zimejificha ndani ya kibanja cha migomba na mibuni, zilihesabiwa salama kuliko mwambao wa ziwa kwa sababu moja: baridi. Kimelea cha malaria hakikui ndani ya mbu joto likishuka chini ya nyuzi 16 hivi. Mbu atauma, lakini hana cha kuambukiza.

Zikaja mvua za El Niño za 1997 na 1998, na malaria ikalipuka katika milima ya Afrika Mashariki. Watu wa nyanda za chini huumwa tangu utotoni, miili yao ikajenga kinga. Wa mlimani hawana kinga hiyo, kwa hiyo ugonjwa ukiwafikia huwalaza watoto na watu wazima pamoja.

Profesa Pius Yanda na Richard Kangalawe, wa Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walikuwa katika timu ya nchi tatu pamoja na Profesa Shem Wandiga wa Nairobi. Walichagua maeneo matatu ya milimani kulizunguka Ziwa Victoria: Kericho nchini Kenya, Kabale nchini Uganda, na Muleba. Walipekua takwimu za joto, mvua na wagonjwa hospitalini. Kisha wakafanya jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha kazi yote: wakawahoji wanakaya. Kipato ni kiasi gani? Zahanati iko umbali gani? Mtoto akishikwa na degedege, unakimbilia wapi kwanza?

Majibu yaliwatoa kwenye kipimajoto. Miezi yenye joto na mvua kupita kawaida ndiyo iliyofungua mlango, lakini waliozidiwa zaidi walikuwa wasio na fedha ya dawa wala nauli.

Na ardhi nayo ina neno lake. Bonde jembamba lenye kingo kali hupitisha maji yakaenda zake. Bonde pana, la chini bapa, huyatuamisha. Bonde hilo likifyekwa mafunjo ili palimwe, jua hupiga moja kwa moja kwenye vidimbwi, hata vile vilivyomo ndani ya nyayo za ng'ombe, na huko ndiko Anopheles gambiae, mbu aenezaye malaria, hupenda kutagia. Utafiti wa Kabale uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kuwa mabonde yaliyolimwa yalikuwa na joto kuliko yaliyoachiwa mafunjo yake.

Mwaka 2007 Yanda, pamoja na Andrew Githeko wa Kenya, alikuwa miongoni mwa waandishi wa sura ya Afrika katika ripoti ya nne ya IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi. Mwaka huohuo jopo lilipata Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Al Gore. (Tuzo ilikuwa ya jopo zima, jambo ambalo washereheshaji wa mikutano yetu hulisahau upesi.)

Muleba yenyewe ilipigwa tena na malaria mwaka 2006, na mwaka uliofuata unyunyiziaji wa dawa kwenye kuta za nyumba ukaanza. Ulisaidia, mpaka mbu nao walipoizoea sumu, ikabidi dawa ibadilishwe. Ndipo yakafanyika majaribio ya vyandarua vilivyoongezwa PBO, kemikali inayomnyima mbu uwezo wa kuivunja sumu. Watoto wa vijiji vilivyopewa vyandarua hivyo walikutwa na maambukizi machache kuliko waliopewa vya kawaida, na mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani likavipendekeza, likitegemea ushahidi wa Muleba.

Bado kuna kazi ya Githeko: alionyesha kuwa joto na mvua visivyo vya kawaida hutangulia mlipuko kwa miezi kadhaa. Muda huo unatosha kuagiza dawa na kupeleka vipimo Kamachumu na Rubya. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa vuli kabla ya mvua, na wakulima huungoja kwa hamu ili wajue lini wapande maharage. Ningependa kuuona utabiri huohuo mezani kwa mfamasia wa wilaya, siku anapojaza fomu ya kuagiza dawa mseto.