Spika ya Nyumbani: Pima Kabla ya Kuisifu

Katika miji ya Nchelenge na Kashikishi, kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Mweru nchini Zambia, jua huzama majini upande wa Kongo. Huo ndio wakati ambapo jamaa hukusanyika uani, chisense wakiwa wamekwisha kuanuliwa, na redio ikafunguliwa. Hapo husikika Kibemba cha nyumbani, na pengine Kiswahili kutoka ng'ambo ya ziwa. Kwa kawaida uvuvi hufungwa kila mwaka tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wapate kuzaana. Mvuvi asiyeisikia sawasawa tarehe hiyo aweza kuzikosa nyavu zake, na askari wa doria akajikuta akibishana na mtu ambaye kosa lake la kwanza lilikuwa spika mbovu.

Ndugu msomaji, spika njema si ile itikisayo bati la jirani. Ni ile inayolifikisha neno likiwa zima. Juma hili tutaeleza jinsi ya kuunda spika ya njia mbili nyumbani, na hasa jinsi ya kuipima, kwa maana kuipima ndiko kunakosahauliwa na mafundi wengi.

SUFURIA ILIYOSEMA

Habari hii ina historia yake katika nchi hiyo hiyo. Mwaka 1941, wakati wa Vita Kuu ya Pili, kituo kidogo cha redio kilianzishwa Lusaka ili kuwapasha watu habari za vita, wakiwamo jamaa za askari waliokuwa mbali na makwao. Lakini watu wa kawaida hawakuwa na redio za kukisikiliza. Mwaka 1949 Harry Franklin, aliyekuwa mkuu wa idara ya habari, alifaulu kuishawishi kampuni ya Ever Ready iunde redio ya bei nafuu itumiayo betri. Mwili wa redio hiyo ulitokana na sufuria ya alumini isiyo na mikono, ukapakwa rangi ya buluu. Bei yake ilikuwa pauni 5, na betri iliuzwa mbali. Watu wakaiita redio ya sufuria.

Redio ile ilikuwa na spika moja tu, nayo ilitosha kazi yake. Lakini spika moja haiwezi kila jambo. Sauti nzito ya ngoma yataka koni pana inayosukuma hewa nyingi, ilhali sauti nyembamba ya herufi S yataka kiwambo kidogo na chepesi. Ndiyo sababu mafundi hugawa kazi: spika kubwa ya besi huchukua chini, na spika ndogo iitwayo twita huchukua juu. Hiyo ndiyo spika ya njia mbili.

Faida yake si ya muziki peke yake. Irabu za maneno yetu hukaa zaidi katika sauti za chini, lakini konsonanti kama S, SH, F na CH hutegemea sauti za juu, kuanzia mitetemo 2,000 hivi kwa sekunde na kuendelea. Mtetemo mmoja kwa sekunde mafundi huuita hezi. Spika isiyo na sauti za juu hulifanya neno "fika" lifanane na "shika", na "saba" likafanana na "shaba". Msikilizaji huongeza sauti, kelele ikazidi, na neno lisieleweke hata hivyo.

SANDUKU

Tafuta spika ya besi ya inchi 6 na nusu na twita ya inchi 1, zote zikiwa zimeandikwa omu 8. Sanduku litengenezwe kwa plaiwudi ya milimita 18. Kata vipande sita: viwili vya sentimita 21.6 kwa 33.6, ambavyo ni uso na mgongo. Viwili vya 21.6 kwa 24, juu na chini. Na viwili vya 24 kwa 30, ubavuni. Vikiunganishwa, nafasi ya ndani itakuwa sentimita 18 kwa 24 kwa 30, yaani lita 13 hivi.

Tia gundi katika kila kiungo, kisha kaza kwa skrubu. Twita iwe juu ya besi katika mstari mmoja, nazo zikaribiane kadiri inavyowezekana. Ndani weka sufi ya mto, iliyochambuliwa, bila kuishindilia. Sanduku hili halina tundu, hivyo lisivuje hewa. Kulijaribu ni rahisi: bonyeza koni ya besi taratibu kwa vidole viwili vya mikono yote, kisha uiachilie. Ikirudi polepole, sanduku ni zima. Ikirudi ghafla, tafuta ufa.

KUGAWA SAUTI

Kifaa cha kugawa sauti kwa mwanafunzi ni vitu viwili tu. Kapasita hufungwa kabla ya twita ili izuie sauti nzito zisiiunguze. Koili ya waya hufungwa kabla ya besi ili izuie sauti nyembamba. Tukitaka mgawanyiko uwe hezi 3,000 kwa spika za omu 8, hesabu yatupa kapasita ya maikrofaradi 6.6 na koili ya milihenri 0.42. Kapasita ya 6.8 hupatikana kwa urahisi zaidi, nayo yafaa. Waya ziungwe kwa lehemu, na karibu na betri ya volti 12 pawekwe fyuzi. Kwa kigawa chepesi kama hiki, usiifungulie sauti kupita kiasi, kwa sababu twita huungua mapema.

Hapo fundi wengi huweka kalamu chini, hufunga skrubu za mwisho na kuita majirani. Hilo ni kosa. Hesabu ile iliamini kwamba spika ni ya omu 8 daima, kumbe nambari hiyo ni jina tu. Ukiipima spika kwa mita ya kawaida waweza kukuta omu 6 hivi. Na katika mtetemo wake wa asili, upinzani hupanda mara kadhaa.

KUPIMA MTETEMO WA ASILI

Chukua simu yenye programu ya kutoa sauti za hezi mbalimbali, na uiunganishe na amplifaya. Kati ya amplifaya na spika ya besi, funga kizuizi cha omu 1,000. Weka mita ya volti ndogo za mkondo geu kwenye ncha mbili za spika. Anza na hezi 20, ukipanda kidogo kidogo hadi 300. Pale mita inaposoma juu kabisa ndipo mtetemo wa asili ulipo.

Ili kujua idadi ya omu, ondoa spika na uweke kizuizi cha omu 10 mahali pake. Kama mita ilisoma volti 0.05 kwa kizuizi hicho, na 0.20 kwa spika, basi spika ilikuwa na omu 40 hivi katika hezi ile. Pima kwanza spika ikiwa nje ya sanduku, kisha ikiwa ndani. Ndani ya sanduku lililofungwa mtetemo wa asili hupanda, kwa kuwa hewa iliyofungiwa huwa kama springi. Ukipanda mno, sanduku ni dogo kwa spika hiyo, na besi itavuma kama pipa.

UFUKO NI MAABARA

Kupima sauti yenyewe ndani ya chumba kuna taabu, kwa sababu kuta hurudisha mwangwi nao huchanganyika na sauti halisi. Viwanda vikubwa hujenga vyumba maalumu kwa gharama kubwa. Mkazi wa ufukoni hana haja navyo. Asubuhi kabla ya upepo kuamka, mahali pa wazi penye mchanga, mbali na kuta na miti, anayo maabara isiyo na kodi.

Inua spika juu ya jukwaa imara lenye kimo cha mita 2, uso ukielekea ziwani. Maikrofoni iwe mita 1 mbele yake, kwa kimo hicho hicho. Sauti ya moja kwa moja husafiri mita 1, lakini ile inayogonga ardhi husafiri mita 4.12. Kwa mwendo wa sauti wa mita 345 hivi kwa sekunde, mwangwi huo huchelewa kwa milisekunde 9. Programu za bure za kompyuta huweza kuukata mwangwi kabla haujafika, na matokeo yakaaminika kuanzia hezi 110 kwenda juu. Kwa sauti za chini ya hapo, sogeza maikrofoni hadi sentimita 1 kutoka kwenye koni ya besi.

Maikrofoni ya simu si mizani ya duka la dhahabu, lakini simu moja ikitumika katika vipimo vyote hutosha kulinganisha. Pima kati ya hezi 2,000 na 4,000. Kisha geuza waya mbili za twita na upime tena. Chagua mfungo usio na shimo kubwa katikati.

Kumbuka pia kwamba mahali pa wazi, kila umbali unapozidishwa mara mbili, sauti hupungua desibeli 6. Desibeli 86 kwenye mita 1 huwa 62 tu kwenye mita 16. Spika hii basi ni ya uani. Isilazimishwe kuhutubia gati zima.

KIPIMO CHA FAMILIA

Hata asiye na mita anacho kipimo. Mtu mmoja aandike maneno 20 yanayokaribiana, kama fika, shika, saba na shaba, ayachanganye, kisha ayasome na kuyarekodi. Yapigwe kwa spika, wengine wakae mita 5 mbali, kila mmoja aandike alichosikia bila kuchungulia kwa mwenzake. Hesabuni yaliyo sahihi, rekebisheni spika, kisha mrudie kwa orodha mpya. Mtoto wa shule ashike daftari na kuandika tarehe, hezi, volti na idadi ya maneno, maana wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Masikio ya fundi humpendelea fundi, kama macho ya mzazi yanavyompendelea mwanawe. Lakini bibi aketiye mwisho wa ua, akingoja habari za mjukuu wake aliye kambini, hana sababu ya kuipendelea spika. Akiandika maneno 19 kati ya 20, hapo waweza kuisifu.