Hisa za gawio: tazama uwezo wa kampuni kulipa tena mwakani

Katikati ya mwaka 2021, hisa moja ya Safaricom katika Soko la Hisa la Nairobi iliuzwa kwa zaidi ya Sh40. Gawio la mwaka wa fedha ulioishia Machi mwaka huo lilikuwa Sh1.37, yaani chini ya asilimia 3.5 ya bei. Kufikia mwisho wa 2023 bei ilikuwa imeporomoka hadi karibu Sh14, na gawio limeshuka hadi Sh1.20. Piga hesabu ileile na utapata zaidi ya asilimia 8. Kwa msomaji wa jedwali la bei za hisa, kampuni sasa ilikuwa inalipa zaidi ya maradufu. Kwa mwanahisa wa siku zote, kilichoingia mfukoni kilikuwa kimepungua.

Huo ndio mtego wa kwanza kwa anayetafuta hisa za kumpa kipato wakati soko limeyumba. Asilimia ya gawio ni sehemu ya hesabu yenye pande mbili, na upande wa bei ukianguka, asilimia hupanda yenyewe bila kampuni kuongeza hata senti. Asilimia kubwa kupita kiasi mara nyingi ni dalili kwamba wanunuzi wengine wameona jambo la kuwatia shaka. Pengine wamekosea, na hapo ndipo penye fursa. Lakini kabla ya kununua, lazima ujue walichokiona.

Hivyo swali la msingi si kampuni inalipa kiasi gani leo. Swali ni kama itaweza kulipa tena mwakani na mwaka unaofuata, biashara ikiwa ngumu. Majibu mengi yamo kwenye taarifa za fedha ambazo kila kampuni iliyoorodheshwa hulazimika kuzitangaza.

Anza na sehemu ya faida inayogawiwa. Chukua gawio la mwaka, ligawe kwa faida ya kila hisa, na utaona kampuni imebakiza nini. BAT Kenya ina hisa milioni 100, kwa hiyo hesabu yake ni nyepesi. Kwa mwaka 2022 ilipata faida ya karibu Sh6.9 bilioni baada ya kodi na kulipa gawio la Sh57 kwa hisa, jumla Sh5.7 bilioni. Mwaka 2023 faida ilikuwa karibu Sh5.6 bilioni na gawio Sh50. Mwaka 2024 faida ilishuka hadi karibu Sh4.5 bilioni, lakini gawio likabaki Sh50. Kwa maneno mengine, kampuni iligawa takriban asilimia 83 ya faida, kisha asilimia 90, kisha asilimia 111. Kampuni yenye akiba ya fedha taslimu inaweza kulipa zaidi ya ilichovuna kwa mwaka mmoja, hata miwili. Haiwezi kufanya hivyo daima. Kwa mwenye hisa hizo, taarifa ya nusu mwaka inastahili kusomwa kwa makini zaidi kuliko gawio lenyewe: je, faida imeanza kurudi, au gawio ndilo litakaloifuata faida chini?

Linganisha na benki ya CRDB katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Gawio lake lilikuwa TSh22 kwa hisa kwa mwaka 2020, likawa TSh36, TSh45, TSh50, na TSh65 kwa mwaka 2024. Mwaka huo wa mwisho benki ilipata faida ya takriban TSh551 bilioni na kugawa kama TSh170 bilioni, chini kidogo ya theluthi moja. Faida ya mwaka mmoja ikishuka hata kwa nusu, fedha za kulipa gawio lilelile bado zipo. Asilimia ya gawio la namna hii haishtui, lakini ina nafasi ya kukua, na ina kinga siku mambo yakiharibika.

Hesabu hii ina sehemu yenye utata inayohitaji jicho. Katika mwaka ulioishia Machi 2025, Safaricom iligawa takriban Sh48 bilioni. Faida ya kundi zima ilikuwa chini ya Sh46 bilioni. Ukiishia hapo utadhani kampuni imegawa zaidi ya ilichopata. Lakini hasara ya biashara yake ya Ethiopia hubebwa pia na wabia waliowekeza huko, na faida inayowahusu wanahisa wa Safaricom yenyewe ilikuwa karibu Sh70 bilioni. Gawio lilitoka kwenye hiyo. Kwa hiyo tafuta mstari unaotaja faida ya wenye kampuni mama, halafu ujiulize matawi ya nje yanavuta au yanasukuma. Ethiopia ilipoiachia birr ishuke thamani Julai 2024, athari yake ilionekana kwenye vitabu vya Nairobi.

Kipimo cha pili ni mwenendo wa kampuni katika miaka mibaya. Rekodi ya miaka ya neema haikuambii kitu. Mei 2020, corona ikiwa imeanza kuchachamaa, bodi ya Equity ilifuta gawio la Sh2.50 kwa hisa ambalo ilikuwa imeshalipendekeza kwa mwaka 2019. Fedha zile, zaidi ya Sh9 bilioni, zikabaki benki, na mwaka uliofuata haukuwa na gawio pia. East African Breweries haikulipa chochote kwa mwaka ulioishia Juni 2021, baada ya baa kufungwa miezi kadhaa. KCB ilipata faida ya karibu Sh37 bilioni mwaka 2023, lakini wanahisa hawakuona gawio. Mwaka uliofuata walilipwa Sh3.

Mifano hii haina maana kwamba kampuni hizo ni mbaya. Equity ilirejea na Sh3 kwa mwaka 2021, ikapanda hadi Sh4, na Sh4.25 kwa mwaka 2024. Funzo lake ni kwamba gawio ni uamuzi wa bodi unaoidhinishwa na mkutano mkuu kila mwaka. Halina mkataba. Kwa benki hasa, faida nono haitoshi, kwa sababu mtaji ukikaribia kiwango cha chini cha Benki Kuu, au mikopo chechefu ikiongezeka, gawio ndilo la kwanza kukatwa. Mwenye kununua hisa za benki asome mistari miwili kabla ya mingine yote: uwiano wa mtaji na kiwango cha mikopo chechefu.

Kipimo cha tatu ni fedha taslimu. Faida ni hesabu ya kitabuni, ilhali gawio hulipwa kwa fedha halisi. Kampuni ya saruji inaweza kuandika faida huku wateja hawajalipa na ghala limejaa. Kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha, toa matumizi ya mitambo na majengo kwenye fedha zilizotokana na shughuli za kawaida. Kinachobaki kikizidi gawio miaka mitatu hadi mitano mfululizo, unaweza kupumua. Kama gawio linalipwa huku mikopo ikipanda, ujue kampuni inakopa ili kukupendeza.

Sasa tuliweke gawio mbele ya mshindani wake mkubwa, Serikali. Februari 2024 Kenya iliuza hatifungani ya miundombinu yenye riba ya asilimia 18.46, bila kodi. Wakati huo mtu aliyeng'ang'ania hisa inayolipa asilimia 8 kabla ya kodi alihitaji sababu nzito. Mwaka mmoja na nusu baadaye, dhamana za Serikali za siku 91 zilikuwa zinalipa takriban asilimia 8 tu, na hisa zikarudi kwenye mazungumzo. Tofauti yao ni hii: riba ya hatifungani haibadiliki hadi inapoiva, kwa hiyo mfumuko wa bei huitafuna, wakati gawio la kampuni nzuri huweza kukua. Kwa upande wa pili, hatifungani ina tarehe na kiasi kinachojulikana. Ada ya shule na kodi ya nyumba visitegemee gawio. Mahitaji yenye tarehe yawekwe kwenye vitu vyenye tarehe, na hisa zibebe sehemu inayoweza kusubiri.

Kuna pia hesabu za kawaida ambazo madalali hawazisisitizi sana. Mkazi wa Kenya hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye gawio, na kiwango ni hichohicho kwa kampuni zilizoorodheshwa Dar es Salaam. Hisa 1,000 za Safaricom kwa gawio la Sh1.20 ni Sh1,200, na zinazokufikia ni Sh1,140. Ukitaka Sh10,000 kila mwezi, yaani Sh120,000 kwa mwaka, na uwekezaji wako unakupa asilimia 7 baada ya kodi, unahitaji mtaji wa kama Sh1.7 milioni. Ni vyema kuujua ukubwa wa mlima kabla ya kuanza kupanda.

Wengine hukimbilia kununua siku chache kabla ya kampuni kufunga daftari la wanahisa, wapate gawio kisha wauze. Kwa kawaida bei hushuka kwa kiasi kinachokaribia gawio baada ya haki hiyo kupita, na ada za kununua na kuuza huchukua kilichobaki. Anayeshinda mchezo huo kwa uhakika ni dalali.

Mwishowe, usiegemee kampuni moja wala sekta moja. Benki tatu si mtawanyiko, kwani zote hukopesha uchumi uleule. Changanya benki, mawasiliano, bidhaa za matumizi ya kila siku na hatifungani, na uangalie miezi ya malipo: gawio la mwisho la Safaricom huingia kufikia mwishoni mwa Agosti na la awali Machi, wakati benki nyingi hulipa baada ya mikutano mikuu ya katikati ya mwaka. Kisha andika bajeti yako ukifuta kabisa malipo ya kampuni moja, ile kubwa kuliko zote. Kama nyumba bado inasimama, mpango wako uko tayari. Kama haisimami, punguza fungu la hisa hiyo sasa, wakati wanunuzi wake bado wapo.