Mguu wa kushoto wa Gundam wasimama Madinat Sultan Qaboos

Makala yetu ya leo inatoka Madinat Sultan Qaboos, mtaa wa Muscat ulioko kati ya Qurum na Al Khuwair, ambao wakazi wake wengi huuita MQ kwa ufupi. Ni mtaa wa nyumba nyeupe zilizopanda vilimani, uliojengwa katika miaka ya 1970, pale mji mkuu wa Oman ulipokuwa ukipanuka kwa kasi baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka Julai 23, 1970. Tulialikwa huko Ijumaa moja alasiri ili tusaidie kujenga mguu wa roboti.

Roboti yenyewe ni Gundam, aina ya RX-78-2, kwa kipimo cha 1/60. Katika hadithi za Kijapani Gundam ina urefu wa mita 18, kwa hiyo sanamu hili likikamilika huwa na kama sentimita 30. Huuzwa likiwa vipande, mamia ya vipande, navyo vimeshikamana na fremu za plastiki mfano wa madirisha madogo. Mwenye kulinunua hukata, hulainisha, huunganisha. Kijana wa nyumba hiyo, mwenye umri wa miaka 13, alizawadiwa sanduku hilo na mjomba wake. Kiwiliwili na kichwa alikwishavimaliza peke yake, navyo vilikuwa juu ya kabati vikitutazama.

Kwa wasioijua, Gundam ilianza kama kipindi cha televisheni nchini Japani mwezi Aprili 1979. Watazamaji walikuwa wachache, na kipindi kilichokusudiwa kuwa na sehemu 52 kikakatishwa kwenye ya 43. Kilichokiokoa, pamoja na marudio yake, ni sanamu hizi za kuunganisha. Kampuni ya Bandai ilitoa ya kwanza Julai 1980 kwa kipimo cha 1/144 na bei ya yeni 300, na watoto wakapanga foleni madukani. Zile za mwanzo zilihitaji gundi na rangi. Hii tuliyoikuta MQ ni ya daraja la juu, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1998. Haihitaji gundi, kwani vipande hushikana vyenyewe na rangi imo ndani ya plastiki. Kuanzia Desemba 2020 hadi Machi 2024, Yokohama ilikuwa na Gundam ya mita 18 kamili iliyotembeza mikono na kukunja magoti mbele ya watu.

Baba wa kijana, hata hivyo, si mtu wa Gundam. Yeye ni wa Grendizer, roboti ya Kijapani iliyotafsiriwa kwa Kiarabu nchini Lebanon na kuonyeshwa katika televisheni nyingi za Kiarabu, hata watoto wa wakati huo wakadhani ni Mwarabu mwenzao. Mwaka 2022 mji wa Riyadh ulisimamisha sanamu lake lenye urefu wa zaidi ya mita 33. "Hiyo ndiyo roboti," alituambia, kisha akaenda zake kulala.

Aliyebaki mezani ni babu. Mzee huyu alizaliwa Unguja, akajifunza ufundi wa saa Mji Mkongwe akiwa kijana, na kuhamia Oman katika miaka ya 1970, kama walivyofanya wengi wenye asili ya Oman waliokuwa Unguja na Pemba. Nyumba hii, basi, ni ya Kiswahili, lakini si kwa kiwango kimoja. Babu na bibi husemezana kwa Kiswahili kitupu. Baba huchanganya na Kiarabu. Kijana husikia kila kitu na kujibu kwa Kiarabu au Kiingereza. Bibi yake alitunong'oneza kwamba Kiswahili humtoka pale tu anapotaka pesa.

Tulianza na fremu. Kila moja ina herufi, kila kipande kina nambari, na kitabu cha maelekezo kimeandikwa Kijapani, ila picha zake zinatosha. Kukata kuna adabu yake. Ukikata karibu na kipande mara moja, plastiki huvutika na kuacha doa jeupe. Hukatwa mara mbili, kwanza mbali, kisha karibu, na kinachosalia huondolewa kwa wembe na msasa. Mzee alitutazama kwa muda, akacheka. "Mnachambua karafuu hapo," alisema. Akachukua fremu iliyokwisha kukatwa vipande vyake, akaiweka kando: "Na haya ndiyo makonyo."

Kijana aliuliza makonyo ni nini. Akaelezwa kuwa karafuu huchumwa na vikonyo vyake, halafu watu hukaa jioni kuzitenganisha. Tangu hapo, kila fremu tupu ikawa konyo.

Mguu wa Gundam ya daraja hili hujengwa kutoka ndani kwenda nje. Kwanza mifupa, kwa plastiki ngumu yenye kuvumilia msuguano wa viungo, iliyokazwa kwa skrubu ndogo. Kisha magamba meupe ya nje. Mzee alishika bisibisi na kuanza kutaja kila kinachopita mkononi mwake: nyonga, paja, goti, pia ya goti, muundi, kifundo, kisigino, wayo. Tukiri kwamba "pia ya goti" tulikuwa hatujaisikia kwa miaka mingi. Kijana alikuwa akigusa mguu wake mwenyewe kila jina lilipotajwa, huku akijifanya anatafuta vipande.

Balaa lilitokea kwenye goti, na aliyelileta ni sisi. Kuna pini moja, nyembamba kama njiti ya kiberiti, inayoingia katika tundu la upande wa paja. Tulikuwa tumeigeuza. Ilipokataa kuingia tukaisukuma, nayo ikatoa mlio mdogo na kubaki nusu ndani, nusu mkononi mwetu. Kijana hakusema kitu. Alichukua kitabu, akahesabu kurasa zilizosalia, akakifunga. Kila mtu pale mezani alijua kwamba uzito wote wa sanamu hukaa juu ya goti, na kwamba sanduku jingine zima si jambo la kununua kila mwezi. Tuliomba radhi. Bibi akaleta kahawa na halua, na hakuna aliyegusa.

Mzee akaondoka, akarudi na kijisanduku cha bati. Ndani mlikuwa na lenzi ya jicho ya mafundi saa, kibano, na keekee ya mkono isiyozidi urefu wa kidole. Dawa, alieleza, ni kutoboa vipande vyote viwili katikati na kupitisha waya wa chuma. Klipu ya kubania karatasi ingetosha. Lakini mikono yake siku hizi hutetemeka. Akamkabidhi mjukuu keekee.

Hapo ndipo tuliposhuhudia jambo ambalo hatukulitarajia. Mzee anazungumza Kiarabu vizuri, miaka hamsini sasa, lakini ufundi wake aliusomea kwa Kiswahili, na maneno ya kazi hakuwa nayo kwa lugha nyingine. Kijana naye hakuwa na nafasi ya kubahatisha.

"Zungusha, usisukume. Iache ile yenyewe."

"Hivi, babu?"

"Hivyo. Sasa inakwenda kombo. Rudisha."

"Kombo nini?"

Mzee akalaza kiganja chake upande. Kijana akairudisha keekee wima. Vumbi jembamba la plastiki likaanza kutoka, na kwa kiasi cha robo saa hakuna aliyezungumza ila hao wawili. "Kidogo kulia. Basi. Pumzika. Futa vumbi." Tundu la pili lilikuwa gumu zaidi kwa kuwa mabaki ya pini yalikuwa yamenasa ndani, na keekee ilibidi ipite katikati yake bila kugusa ukuta.

Gundi iliwekwa kwa kijiti cha meno, tone moja, juu ya waya tu. Ikichuruzika hadi kwenye kiungo, goti halikunjiki tena. Tukaambiwa tungoje hadi baada ya Magharibi. Halua ikaliwa.

Jioni kijana alikunja goti mara moja, polepole, kisha mara ya pili. Likakunjika. Magamba meupe yakafunikwa moja baada ya jingine, wayo ukakazwa, na mguu wa kushoto ukasimama peke yake juu ya meza, pasi na kuegemezwa. Baba aliamka, akautazama, akasema Grendizer haikuwahi kuvunjika goti.

Mguu wa kulia ulibaki kwenye makonyo yake hadi Ijumaa nyingine, na tuliarifiwa kwa heshima kwamba msaada wetu hautahitajika. Tulipokuwa tukivaa viatu mlangoni, tulimsikia kijana akimwita babu yake. Alikuwa amekunja mkono, kidole juu ya kiwiko.

"Na hapa, babu, panaitwaje?"