Shahada ya chuo kikuu katika wilaya za Tarime na Serengeti

Shahada ya chuo kikuu ni tuzo ya kitaaluma anayopewa mtu aliyehitimu masomo ya chuo kikuu, kwa kawaida baada ya miaka mitatu au zaidi. Nchini Korea Kusini watu wapatao 70 kati ya 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 34 wamemaliza elimu ya juu (hesabu hiyo hujumlisha pia stashahada). Katika Afrika kusini kwa Sahara, idadi ya wanafunzi wa elimu ya juu haifiki asilimia 10 ya vijana wa umri wa kusoma chuo, na Tanzania ni mojawapo ya nchi hizo.

Wilaya za Tarime na Serengeti ziko katika Mkoa wa Mara, alikozaliwa Julius Nyerere, mmoja wa Watanganyika wa kwanza kupata shahada. Alihitimu Edinburgh mwaka 1952. Shahada yake iliitwa M.A., ingawa kwa desturi ya Uskoti hiyo ndiyo shahada ya kwanza. Tanganyika yenyewe ilipata chuo kikuu mwaka 1961, kikianza na wanafunzi wachache wa sheria.

Siku hizi ada si kikwazo kama zamani. Bodi ya Mikopo ilianza kazi mwaka 2005, na ada ya shule za sekondari za serikali ilifutwa mwaka 2016 kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, kisha mwaka 2022 kwa kidato cha tano na sita. Lakini wengi huacha masomo mapema mno. Wavulana huvutwa na uchungaji wa ng'ombe au uchimbaji wa dhahabu huko Nyamongo.

Kwa wasichana, hasa miongoni mwa Wakurya, jambo zito zaidi ni ukeketaji. Hufanyika hasa mwezi Desemba, shule zikiwa zimefungwa. Aliyekeketwa huhesabiwa kuwa mtu mzima anayefaa kuolewa, na mahari yake ni ng'ombe, kwa hiyo Januari huenda asirudi darasani. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kuwakeketa walio chini ya miaka 18, na tangu 2016 anayemwoa mwanafunzi anaweza kufungwa miaka 30.

Nyumba salama za Masanga, wilayani Tarime, na Mugumu, makao makuu ya Serengeti, hupokea wasichana wanaokimbia msimu huo. Wale ambao familia zao zinakataa kuwapokea bila kukeketwa hubaki huko na kuendelea na shule.