Kompyuta Ikijizima Kila Mara: Kagua Pesti ya Prosesa Kabla ya Kununua Nyingine

Mkazi wa kaunti, huduma nyingi za serikali sasa hupatikana kwenye eCitizen, na wanafunzi huomba mikopo ya HELB mtandaoni. Kompyuta inayojizima katikati ya fomu hukupotezea muda, na pengine hata nafasi. Wapo wanaoambiwa mashine imekufa na kushauriwa kununua nyingine, ilhali kilichoharibika ni pesti kidogo tu iliyokauka. Makala haya yanaeleza kazi ya pesti hiyo na jinsi ya kuibadilisha.

Pesti hufanya kazi gani?

Prosesa ndiyo sehemu ya kompyuta inayofanya hesabu zote, na hutoa joto jingi. Juu yake hufungwa kipoza joto, yaani kipande cha alumini au shaba chenye mapezi mengi, kinachopulizwa na feni. Nyuso hizo mbili huonekana laini, lakini zina mikwaruzo na vishimo vidogo ambavyo hujaa hewa. Hewa hupitisha joto vibaya sana. Ndiyo maana blanketi hutupasha joto.

Pesti huondoa hewa hiyo. Pesti nzuri hupitisha joto zaidi ya mara 100 kuliko hewa. Hata hivyo, shaba huishinda pesti kwa mbali. Kwa hiyo, kazi ya pesti ni kujaza vishimo tu. Ukipaka tabaka nene, unaweka kizuizi kati ya vyuma viwili.

Dalili za kuangalia

Feni hunguruma hata ukiwa umefungua ukurasa mmoja tu. Kompyuta huwa nzito, kisha hujizima baada ya dakika chache. Prosesa nyingi hujipunguzia kasi zikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi, na joto likizidi hujizima ili zisiungue.

Baridi ya Julai isikudanganye. Nyeri iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Feni yetu hubeba joto pungufu kwa kila mzunguko. Ongeza vumbi la barabara za murram kwenye mapezi, na mashine itachemka hata asubuhi yenye ukungu.

Anza kwa kusafisha vumbi. Shika feni isizunguke unapopuliza. Tatizo likibaki, badilisha pesti. Kama kompyuta bado ina warranti, mrudie kwanza aliyekuuzia.

Hatua za kubadilisha pesti kwenye kompyuta ya mezani

1. Washa mashine dakika tano ili pesti kuukuu ilainike. Zima, chomoa plagi, na usubiri kidogo. Gusa chuma cha kasha ili kuondoa umeme tuli mwilini.
2. Chomoa waya wa feni, kisha legeza skrubu kidogo kidogo. Zungusha kipoza joto polepole kushoto na kulia kabla ya kukiinua. Ukikivuta kwa nguvu, kinaweza kung'oa prosesa na kupinda pini zake.
3. Futa pesti ya zamani kwenye nyuso zote mbili kwa kitambaa kisichoacha nyuzi na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Epuka spiriti zenye mafuta. Acha pakauke.
4. Weka tone moja katikati ya prosesa, kiasi cha punje ya minji. Usilisambaze kwa kidole.
5. Shusha kipoza joto wima, bila kukiinua tena. Kaza skrubu kwa mshazari, kidogo kidogo, ili uzito ulale sawa.
6. Rudisha waya wa feni. Usiwashe kompyuta kamwe ikiwa kipoza joto au waya huo haujafungwa.

Ukiinua kipoza joto baada ya kukibana, futa yote na uanze upya, kwa sababu hewa imeingia. Kipoza joto kipya mara nyingi huja kimepakwa pesti tayari. Usiongeze nyingine juu yake.

Tahadhari

Dawa ya meno, Vaseline na grisi ya gari si mbadala. Dawa ya meno ina maji, hivyo hukauka haraka na tatizo hurudi. Pesti ya metali ya maji yenye galiamu hula alumini na hupitisha umeme. Isitumiwe na anayejifunza.

Laptopu ni ngumu zaidi kufungua, na ndani yake huwa na vipande laini kama raba juu ya chipu nyingine. Vipande hivyo visibadilishwe kwa pesti. Afadhali umpelekee fundi, awe wa Karatina, Othaya au Nanyuki. Mwombe abadilishe pesti ukiwapo, na umwulize kiasi anachopaka na anachofutia. Fundi mwema hatachukia kuulizwa.

Mashine ikishindikana

Usiichome wala kuitupa shambani. Kompyuta kuukuu huwa na risasi na kemikali nyingine zinazoweza kufika mtoni. Iweke kando na taka za nyumbani, na uipeleke kwa wanaokusanya taka za kielektroniki wenye leseni ya NEMA.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Tone la pesti leo linaweza kukuokolea bei ya kompyuta nzima.